Bastola Iliyonikaa Mkononi

Habari ya kifo cha Sajini Andati ilinikuta nikipepeta maharagwe nyuma ya nyumba. Binti wa ndugu yangu alikuja na simu mkononi, akasema kuna mzee wa Khwisero amefariki, familia inatafuta watu waliofanya kazi naye zamani kiwandani, je, nilimjua? Nikasema nilimjua. "Alikuwa rafiki yako, shangazi?" Niliendelea kupepeta mpaka nikagundua maharagwe nilikuwa nimeshayamwaga kwenye sufuria, na ungo uliokuwa mikononi mwangu ulikuwa mtupu.

Nimefikia umri ambao watu hunibebea mkoba bila kuniuliza. Kanisani ninafundisha watoto, na mama zao huniletea mayai na kuniita Mwalimu Peris. Hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba kuna mwaka ambao niliweza kusimama hatua ishirini na tano kutoka kwenye karatasi nikaitoboa katikati, mara sita mfululizo, huku moyo wangu umetulia kama wa mtu anayeshona kifungo. Mwaka huo nimeuficha vizuri sana. Sitaeleza hapa nilikozaliwa wala wazazi wangu walikuwa nani, kwa sababu hawakuhusika. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa mpiga chapa katika ofisi za kiwanda cha sukari, na kilichotokea kilitokana na mkono wangu mwenyewe.

Miaka ile miwa ilikuwa imekula kila kitu. Watu waling'oa mahindi, wakang'oa migomba, wakapanda miwa hadi kwenye kizingiti cha nyumba, kwa kuwa kiwanda kilichukua yote na bado kilitaka zaidi. Sisi wasichana wa ofisi tulilala kwenye bweni la matofali lililokuwa pembeni mwa kiwanda, vitanda viwili kila chumba, na miwa ilianza pale dirisha lilipoishia. Upepo ukivuma, majani yalisuguana na kioo. Shamba likichomwa kabla ya kuvunwa, masizi yaliingia mpaka ndani ya uji, na harufu ya molasi ilikaa kwenye nywele hata baada ya kuziosha. Lakini nakumbuka zaidi jinsi miwa ilivyoficha watu. Mtu angekuwa anatembea mbele yako barabarani, akakata kona akaingia shambani hatua tatu, na ukifika pale husikii hata mguu wake. Sauti za watu zilitoka ndani ya miwa mchana kutwa bila watu wenyewe kuonekana. Tulizoea. Nadhani tulizoea kupita kiasi.

Kiwanda kilikuwa na klabu ya wafanyakazi, na klabu ilikuwa na mchezo wa kulenga shabaha ambao wahandisi waliupenda. Uwanja wao ulikuwa shimo kubwa la murram, lililochimbwa wakati wa kutengeneza barabara kisha likaachwa. Mwaka ule walialikwa kwenye mashindano Eldoret, na kila timu ilitakiwa kuwa na mwanamke mmoja. Mhandisi aliyesimamia klabu alinichagua kwa sababu ya ajabu: king'ora cha saa sita kilipolia, wapiga chapa wenzangu wote walishtuka na kuharibu herufi, ila mimi. Alikuwa amesimama mlangoni akiangalia. "Wewe huna woga wa kelele," alisema. Nikachekelea kama mtu aliyesifiwa urembo.

Mwalimu wetu alikuwa Sajini Andati, polisi mstaafu, mrefu, mpole, anayeongea kama mtu aliye kwenye chumba cha mgonjwa. Jumamosi ya kwanza alitandaza gunia juu ya meza, akapanga bastola tatu, akasimama mbele yake ili nisizione.

"Usizitazame," aliniambia. "Ukizitazama utachagua inayong'aa. Nipe mkono wako kwanza, binti yangu."

Alinipima mkono kwa kidole chake, kuanzia pale gumba linapoachana na kidole cha shahada hadi kwenye ncha, kama fundi viatu anavyopima mguu. Kisha akanipa ya kwanza. Ilikuwa nyeusi, ya mraba, nzito kama pasi ya makaa. Kidole changu kilifika kwenye kifyatulio kwa ncha tu, na ili kifike vizuri ilinibidi niuzungushe mpini kiganjani. Risasi zote zilikwenda kushoto. "Hapo hulengi," Sajini alisema. "Unashindana nayo. Iweke chini." Ya pili ilikuwa ndogo, ya kuingia mfukoni, na mimi nikadhani hiyo ndiyo yangu kwa kuwa mimi ni mwanamke. Kidole cha mwisho kilikosa mahali pa kukaa, kikaning'inia. Nilipofyatua, iliruka ikaniuma kwenye ngozi kando ya gumba, nikaona damu. "Wengi hudanganyika hapo," alisema. "Ndogo ndiyo inayorusha zaidi, haina uzito wa kujizuia. Silaha inayokuumiza utaanza kuiogopa, na ukiiogopa utafumba macho kabla haijalia."

Ya tatu ilikuwa bastola ya zamani ya silinda, mpini wake wa mbao nyekundu, na skrubu moja ya shaba isiyofanana na zingine. Ilikuwa asubuhi ya mvua na imetoka kwenye sanduku la chuma, lakini ule mpini haukuwa baridi. Niliufumbata, na kila kidole kikapata nafasi yake. Hata gumba lilikuta pahali palipolika kidogo, kibonde laini, likatulia humo.

"Fumba macho," Sajini aliniambia. "Inyanyue hadi unapodhani shabaha iko. Sasa fumbua."

Nilifumbua. Alama ya mbele ya mtutu ilikuwa imekaa katikati ya mfuo wa nyuma, sawasawa, na vyote viwili vilikuwa vimekaa katikati ya karatasi. Nilifyatua mara sita. Mrusho wake ulinijia moja kwa moja kwenye mfupa wa mkono hadi begani, taratibu, kama mtu anayekusukuma kidogo ili upite. Sajini alikwenda kuangalia karatasi, akakaa nayo muda mrefu akiwa amenipa mgongo.

"Ndiyo hiyo," alisema aliporudi, lakini uso wake haukufurahi. Alipitisha gumba lake kubwa juu ya kile kibonde cha mbao. "Imezoea mkono mdogo. Ilitoka Lugari, mzungu mmoja aliiachia klabu alipouza shamba."

Jumamosi ya tatu, mchana, jua likiwa kali, ndipo nilipomwona mtu kwa mara ya kwanza. Ukingo wa shimo nyuma ya shabaha ulikuwa mrefu kama nyumba, na juu yake miwa ilianza. Niliponyanyua bastola nikamwona amesimama pale juu, mbele ya miwa, mwanaume aliyebeba kitu begani. Niliishusha. "Sajini, kuna mtu." Sajini aliinua mkono kuwasimamisha wote, akapanda ukingo kwa mikono na magoti, mzee yule, akaita kwa Kiluhya, akasikiliza, akashuka. "Hakuna mtu, na udongo hauna alama ya mguu." Nilinyanyua tena. Alikuwepo. Nilipotazama juu ya mtutu bila kulenga, hakuwepo. Nilijaribu ile bastola nyeusi ya mraba, nikiizungusha kiganjani kwa shida, na ukingo ulikuwa mtupu. Nilirudia ile ya mbao, akawa amesimama palepale, akiwa ametulia kama mtu anayesubiri kuitwa aje.

Chakula cha bweni kilipikwa na Mama Truphosa, mjane mnene aliyetuita sote "watoto wa ofisi". Alikuwa akiniwekea ukoko wa obusuma, ugali wa kwetu, kwa sababu alijua naupenda, na mboga yake ya mrenda mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuonjeshwa. Jumamosi moja alileta birika la chai uwanjani. Nilikuwa nimeketi kwenye jiwe, bastola mapajani, silinda iko wazi kama Sajini alivyotufundisha. Mama Truphosa alinimiminia kikombe, akaangalia chini, na chai ikaendelea kumiminika mpaka ikanichoma goti.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Ni ya klabu, mama. Ilitoka Lugari."

"Najua ilikotoka. Hiyo skrubu ya manjano ilitiwa na fundi wa Turbo. Mimi ndiye nilikuwa naipangusanga vumbi kila asubuhi, juu ya meza ya kitanda cha memsahibu, mke wa yule mzungu." Aliweka birika chini, akaninyooshea mkono. "Nipe niishike."

Nilimpa. Mkono wake ulikuwa mpana, mkono wa kusonga ugali wa watu arobaini, na mpini ulipotelea humo bila kukaa vizuri. Aliijaribu hivi, akaijaribu vile. Kisha akanirudishia na kunitazama nikiishika.

"Kwangu inakataa," alisema. "Yeye pia aliishikanga hivyo. Hivyo hivyo. Alikuwanga anakaa kwenye veranda na hiyo kitu mapajani, baada ya chakula cha mchana, anaangalia miti. Tukimuuliza anangoja nani, anasema kuna mtu anakujanga pale. Sisi hatukuona mtu. Ndugu yangu Isaka ndiye alileta maziwa saa nane kila siku, kwa njia ya miti, debe begani. Kila siku ya Mungu alipita hapo na yule mama anamjua kwa jina. Siku moja akampiga risasi. Polisi wakamuuliza, hukumwona Isaka? Akasema hakumwona Isaka. Alimwona yule mwingine."

Sikumwambia nilichokuwa nikikiona ukingoni. Ningemwambia, labda mambo yangekwenda vingine. Niliuliza tu, kwa sauti ambayo nilijitahidi iwe ya kawaida, "Alibeba debe kwenye bega gani?" Mama Truphosa alichukua birika na kwenda zake. Jioni ile sahani yangu haikuwa na ukoko, na hakunipa mkononi. Aliiweka ukingoni mwa meza, akarudi nyuma hatua mbili, akasubiri niichukue. Ikawa hivyo kila siku. Wasichana wenzangu waliuliza nimemkosea nini yule mama, nikasema sijui.

Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini sikuacha. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikijulikana. Mhandisi mkuu, ambaye kwa miezi kumi na minne aliniita "wewe wa mashine", sasa alinisalimia kwa jina barabarani. Karatasi yangu yenye matundu sita ilibandikwa kwenye ubao wa klabu na wanaume walisimama kuitazama. Nilitaka kwenda Eldoret. Kwa hiyo nilitafuta njia ya kuishi na yule mtu. Mwanzoni nilingoja aondoke, lakini hakuondoka. Baadaye nilijifunza kumpita kwa macho, kama unavyopita kijidoa kwenye kioo. Mwishowe nilijiambia: hayupo, piga. Nikapiga, naye amesimama palepale juu ya alama ya mtutu, na karatasi ikatoboka vizuri kuliko siku zote. Nilifanya hivyo Jumamosi sita. Kufikia ya sita, sikuhitaji hata kujiambia. Asubuhi niliamka na kidole cha shahada kimekunjika chenyewe, na saa za mchana ofisini, kazi ikipungua, nilijikuta nimegeuza kiti kuelekea dirishani, mikono mapajani, naangalia miwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya safari. Walikuwa wanavuna shamba lililo juu ya shimo, tulisikia mapanga na nyimbo. Sajini alipandisha bendera nyekundu kwenye mti wa mwanzi, kama alivyofanya kila tulipopiga, ili wakata miwa wajue wasikaribie. Niliiona ikipepea. Naandika hili wazi kwa sababu sijawahi kuliandika: bendera ilikuwa juu. Niliinua bastola. Karatasi ikakaa mahali pake. Juu kidogo, yule mwanaume, debe begani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alianza kushuka ukingo akija chini, mguu mmoja baada ya mwingine, udongo ukimporomokea, mpaka akafika usawa wa karatasi. Nilimwona. Niliona shati lake na kola iliyochanika. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na kidole kilijikunja kama kilivyozoea.

Debe lililia kama sahani ya bati iliyoangushwa kanisani. Yule mtu alikaa chini. Alikaa tu, kwenye mchanga, akalishusha debe mapajani akaingiza kidole kwenye tundu. Watu wote walikuwa wakikimbia na kupiga kelele, na mimi nikaelewa kwamba nao wanamwona.

Sajini alinitoa bastola mkononi, akafungua silinda, akamwaga ganda na risasi zilizobaki. Aliinama karibu na sikio langu.

"Hukumwona?"

"Nilimwona, Sajini."

Alinitazama kwa muda. Sijui aliona nini. "Nyamaza," alisema. "Usimwambie mtu neno hilo. Hata wakikuuliza usiku na mchana."

Yule mtu alikuwa mkata miwa mgeni, jina lake Mukhwana, amefika kazini siku mbili kabla, na maana ya bendera hakuna aliyemweleza. Alikuwa anashukia kidimbwi cha maji ya mvua kilichokuwa upande wa chini wa shimo, awachotee wenzake. Risasi ilipita upana wa vidole vitatu kutoka sikioni. Walimkalisha kwenye jiwe wakampa chai, na mimi nikapelekwa kumwomba msamaha. Hakuwa na hasira. Alinichunguza uso kwa makini sana, kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.

"Dada," aliniuliza, "ulikuwa unamwona nani?"

Jumatatu hakuja kazini, na wenzake walisema amerudi kwao Khayega na hataki tena habari ya miwa.

Jioni ile tuliitwa mbele ya meneja, mimi na Sajini. Meneja aliuliza kwa nini mtu aliweza kuingia uwanjani watu wakipiga. Kabla sijafungua mdomo, Sajini alisimama wima kama alivyokuwa polisi, akasema, "Bendera nilisahau kuipandisha, bwana. Binti hakuwa na kosa. Angejuaje?" Niligeuka kumtazama. Mfuko wa shati lake ulikuwa umetuna, na upande mmoja ulichungulia uzi wa kitambaa chekundu. Bendera aliishusha pale watu wote walipokuwa wakimkimbilia Mukhwana. Meneja akanigeukia. "Ni kweli?" Nilikuwa na nafasi ya kusema. Saa ya ukutani ilikuwa ikienda, na mhudumu alikuwa akipanga vikombe kwenye chumba cha pili, nilivisikia kimoja kimoja.

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Sajini alifukuzwa siku hiyo hiyo. Nilimwona akipita karibu na bweni na sanduku lake la mbao kichwani, akielekea barabara ya Khwisero, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Mchezo wa shabaha ulipigwa marufuku na bastola zote zikapelekwa kituo cha polisi. Mama Truphosa aliomba kuhamishiwa jikoni mwa wanaume. Mimi niliacha kazi kabla ya Krismasi, nikaenda kusomea ualimu, na kwa miaka mingi nilikaa umbali wa nusu siku tu kutoka nyumbani kwa Sajini. Kila mwaka nilisema nitakwenda. Kulikuwa na mitihani, kulikuwa na mvua, kulikuwa na mazishi ya watu wengine.

Juzi nimekwenda. Turubai zilikuwa zimefungwa uani, kwaya inaimba, na mwanawe mkubwa alisimama na kipaza sauti akasoma maisha ya baba yake. Alisoma kwamba marehemu alifanya kazi kiwandani hadi alipoondoka, akapita haraka pale. Nyuma yangu mzee mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Ndiye aliyesahau bendera, karibu aue mtu." Maziko yalipoisha nilimfuata mjane wake ndani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mdogo, macho yamefifia, wanawake wawili wakimpepea. Nikaomba watupishe. Nikapiga magoti, magoti haya mabovu, nikamwambia jina langu.

"Mama, bendera ilikuwa juu. Mume wako hakusahau. Mimi nilimwona yule mtu na nikapiga, halafu nikanyamaza."

Alitafuta mkono wangu wa kulia, akaushika. Aliugeuza, akavipapasa vidole kimoja baada ya kingine mpaka akafika kwenye gumba, akaliacha.

"Alituambia," alisema. "Siku ile ile alipofika na sanduku. Alisema, kuna msichana atakuja kueleza, akija mumpokee vizuri, msimgombeze. Mwanzoni kila mgeni wa kike aliyeingia uani, alikuwanga anatoka nje kuangalia." Alivuta leso yake begani. "Hata juzi hospitalini aliuliza kama umekuja."

Kisha akawaita wale wanawake warudi, akawaambia nimetoka mbali, nipewe chakula.